Kisaki Hakukai Farasi

Kondakta wa basi la Kisaki aliunyanyua mfuko wangu kwa mkono mmoja, kama mtu anayepima kuku sokoni, akaniuliza, "Madam, humu umebeba vigae?" Nikamwambia ni karatasi. Karatasi za nini? Za hadithi. Akacheka, akaurusha juu ya keria katikati ya godoro na gunia la chumvi, akasema hadithi hazilipiwi mzigo.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, mtu wa Tanga. Milima ya Uluguru nilikuwa nimeiona mara nyingi, lakini kupitia dirisha la basi la Dodoma tu, kama unavyoiona nyumba ya tajiri ukipita njiani: unaisifu kisha unakwenda zako. Rafiki yangu niliyesoma naye chuo anafundisha sekondari moja huko Kisaki. Aliniomba nitumie wiki mbili za likizo ya Juni kukaa na wanafunzi wake wa kidato cha tatu waliobaki kambini. "Njoo uwasomeshe kitu kisichotoka kwenye mtihani," alisema. "Wamechoka."

Kwa majivuno zaidi kuliko busara, nikachagua riwaya ya Charles Dickens, ile ya mwaka 1854 inayoitwa Hard Times, ambayo mimi huiita Nyakati Ngumu. Inamhusu Bwana Gradgrind, tajiri mwenye shule, anayetaka watoto wajazwe ukweli wenye kupimika na kuhesabika, basi. Ndoto, nyimbo na masihara hana haja navyo. Nikarudufu kurasa nilizozipenda, nikafunga safari.

Kutoka Morogoro mjini unapita Bigwa, kisha barabara inaanza kuizunguka milima kwa upande wa mashariki. Hadi Kisaki ni zaidi ya kilomita 130. Mkuyuni tulikuta ndizi na machungwa kando ya njia, na abiria aliyekaa nami akanionyesha mikarafuu. Nilishtuka. Mtu wa Tanga karafuu anaijua kwa Pemba, na kwake inakwenda pamoja na harufu ya bahari. Kuikuta imesimama mlimani, katikati ya migomba, ni kama kumkuta jirani yako wa Ngamiani, kule Tanga, kwenye harusi ya watu usiowajua.

Abiria huyo alikuwa mzee wa Kiluguru aliyevaa kofia ya mkono na koti zito. Nilimpa shikamoo, akanirudishia marahaba ndefu, na toka hapo akanichukua kama mgeni wake. Tulipofika Matombo alininong'oneza maana ya jina, huku akitazama pembeni kwa haya: kwa Kiluguru ni maziwa ya mama, kwa sababu ya vilima viwili vilivyosimama sambamba. Halafu akaacha kucheka, akanyoosha kidole kwenye mteremko.

"Hapo walitulimisha matuta, mwanangu. Mimi mtoto mdogo."

"Nani, mzee?"

"Serikali ya Mwingereza. Walikuja na kamba na vijiti, wakapima mlima. Wakasema udongo unakwenda na mvua, basi kila mtu achimbe ngazi. Mama zetu wakachimba. Udongo mzuri ukafukiwa, ule mwekundu wa chini ukaja juu. Ukipanda mahindi yanatoka kama ndevu zangu hizi." Alikuwa na ndevu chache sana.

Mpango huo nimewahi kuusoma kwa mistari miwili katika kitabu cha historia: ulianza mwaka 1950 na ukavunjika mwaka 1955, watu walipokataa na ghasia zikazuka hapo hapo Matombo. Mistari miwili ile haikuwa na mahindi yenye ndevu. Nilitaka kumuuliza zaidi, lakini mzee alishuka njia panda iliyofuata, akaniachia machungwa mawili.

Baada ya Mvuha milima inabaki nyuma na nchi inalala chapati. Joto ni kama la kwetu, ila halina upepo wa bahari wa kulipooza. Tulipita Dutumi, ambako Burton na Speke mwaka 1857 walilala hoi kwa homa wakati safari yao ya kuyatafuta maziwa makuu ndiyo kwanza imeanza. Mimi nilikuwa na kiu tu, nikajiona shujaa.

Rafiki yangu alinipokea kwa wali na kambale wa kukausha. Mtu niliyezoea nguru wa tui nilimtazama yule samaki mweusi kwa wasiwasi, kisha nikaongeza mara mbili. Wakati wa kulala akaniambia, "Choo kiko nje. Ukitaka kutoka usiku, niamshe." Nikamuuliza kama anaogopa wezi. "Tembo," alisema. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Asubuhi nilisimama mbele ya wanafunzi thelathini na mmoja. Riwaya inaanzia darasani, Gradgrind akimwamuru msichana mgeni, anayemwita kwa namba, namba ishirini, aeleze farasi ni nini. Msichana huyo, Sissy Jupe, amelelewa na watu wa sarakasi, baba yake anaishi kwa farasi, naye anashindwa kujibu. Mvulana aitwaye Bitzer anasimama na kumtaja farasi kwa idadi ya meno na aina ya kwato, anasifiwa. Nikauliza darasa langu: nani amewahi kumwona farasi? Hakuna aliyenyoosha mkono. Mmoja akasema amemwona kwenye sinema ya Kichina.

Wakati wa mapumziko rafiki yangu alinieleza kwa nini. Kisaki ni nchi ya mbung'o. Septemba 1916, katika vita ya kwanza ya dunia, wapanda farasi wa Afrika Kusini waliokuwa upande wa Uingereza walifika hapa wakimfukuza Mjerumani, na farasi wao waliangamia kwa ugonjwa wa mbung'o. Nikajiona mjinga. Nimebeba farasi wa karatasi kutoka Tanga kuwaletea watu ambao nchi yao inaua farasi wa kweli.

Kipindi cha pili nikambadilisha mnyama. "Tembo ni nini?"

Mvulana wa dawati la nyuma, mrefu, macho mekundu, akasimama na kumwaga Kiingereza kilichonyooka: mnyama mkubwa kuliko wote wa nchi kavu, ananyonyesha, anakula majani, mimba yake huchukua miezi ishirini na miwili. Akaketi. Kisha nikamgeukia msichana aliyekuwa ameinamisha uso. Alifikiri kwa muda mrefu, akajibu kwa Kiswahili.

"Tembo ni kukosa usingizi, Madam."

Nilikaribia kupiga makofi. Nimempata Bitzer wangu na Sissy wangu siku ya kwanza! Nikaanza kuwaeleza, kwa furaha ya mwalimu ambaye somo limemnyookea, kwamba mmoja anamjua tembo kwa maneno na mwingine anamjua kwa maisha. Darasa zima likaangua kicheko. Yule mvulana alikuwa ametoka dunguni alfajiri ile. Baba yake ana shamba la mpunga, na zamu ya kulinda ilikuwa yake. Macho mekundu niliyodhani ni ya kupiga msuli yalikuwa ya moshi na mkesha.

"Sasa mbona hukusema hayo?" nilimuuliza.

"Madam, hayo siyo yanayoulizwa."

Nililala na jibu hilo. Kesho yake likaja la pili. Niliwaomba waandike wanamwonaje Bwana Gradgrind, nikitegemea hukumu. Zaidi ya nusu walimsifu. Ni mwalimu anayefika darasani, anamaliza silabasi, anataka ukweli mtupu, basi ana kosa gani? Mmoja aliandika kwamba angempata Gradgrind wa fizikia angemshukuru Mungu. Mimi nililelewa na vitabu, baba yangu alikuwa karani wa bandari, na ukweli wa kukariri niliupata mwingi hadi nikauchoka. Ni rahisi kuudharau mkate ukiwa umeshiba. Dickens mwenyewe, tukisema kweli, alikuwa anawatania mahasimu wake, na mtania watu hapimi kwa mizani.

Tukaendelea. Siku ya nne tuliingia Coketown, mji wa viwanda wa riwaya. Coketown ni wa kubuni, lakini Januari 1854 Dickens alikwenda Preston, kaskazini mwa Uingereza, kuangalia mgogoro wa wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Nikawapa picha: chukua moshi wa tanuri la matofali, uzidishe mara elfu, ukae juu ya paa mwaka mzima. Hapo wakaelewa. Lakini kuna mahali mwandishi anaifananisha mashine ya mvuke, ile inayopanda na kushuka mchana kutwa, na kichwa cha tembo mwenye wazimu wa huzuni. Mikono ikapanda kama mpunga.

"Tembo hafanyi hivyo."

"Huyu mwandishi hajawahi kumwona tembo."

"Akikasirika anatanua masikio, anatulia kwanza. Kichwa hakichezichezi."

Nilitaka kumtetea Dickens, sikuwa na hoja. Aliyemtetea ni mvulana wa dunguni. Alisema, taratibu, kwamba pengine tembo wa Uingereza alikuwa amefungwa. Mbuzi ukimfunga kamba fupi siku nyingi naye huanza kutikisa kichwa bila sababu.

Nilinyamaza. Nimeifundisha sura hiyo Tanga miaka kadhaa, na kila mwaka nimeipita kama tamathali nzuri ya semi, naandika ubaoni "tashbiha" na kupiga mstari. Waingereza wa wakati ule kweli walikuwa na tembo kwenye bustani zao za wanyama. Na wafanyakazi wa Coketown nao wamefungwa kamba fupi. Sikuandika kitu ubaoni siku ile.

Ilibidi nieleze falsafa anayoigomba Dickens. Kwa Kiswahili nimezoea kuiita falsafa ya manufaa: jambo jema ni lile linaloleta furaha nyingi zaidi kwa watu wengi zaidi. Mwasisi wake ni Jeremy Bentham, aliyefariki mwaka 1832. Nikafanya kosa la kuwaambia habari za maiti yake. Bentham aliusia mwili wake upasuliwe kwa ajili ya masomo ya udaktari, kisha mifupa ivalishwe nguo zake na kuketishwa kwenye kiti, ili hata akifa awe na faida. Yumo hadi leo ndani ya kabati la kioo, katika chuo cha University College London, na kichwa cha nta. Somo likaharibika kabisa. Hakuzikwa? Na arobaini yake ilisomwa lini? Wajukuu wake hawaogopi? Msichana mmoja akauliza swali lililonishinda: kama kukaa pale ni faida, anamfaidia nani, maana yeye anaona anatisha watu tu.

Nilipotaka kumtendea haki marehemu, nikaongeza kwamba Bentham alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kusema hata mnyama aingizwe kwenye hesabu ya mema na mabaya, kwa sababu anaumia. Kisaki hilo si jambo la kutupa hewani. Kelele zikazuka. "Kwa hiyo tembo naye ana fungu lake?" "Wao wengi au sisi?" Ng'ambo ya mashamba yao ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa mwaka 2019 kutoka Pori la Akiba la Selous, na tembo hawasomi mipaka.

Jina la Nyerere lilinikumbusha kitu. Nikawasimulia habari za mwanafalsafa John Stuart Mill, aliyefunzwa na baba yake kwa mtindo wa Gradgrind: Kigiriki akiwa na miaka mitatu, na alipofika ishirini akavunjika moyo, dunia ikamwia tupu, hadi mashairi yalipomwinua. Aliendelea kuiamini falsafa ya manufaa, ila aliipanua. Baadaye akaandika kuhusu kukandamizwa kwa wanawake, na miaka ya arobaini ya karne iliyopita kijana wa Kizanaki aliyekuwa Makerere alizichukua hoja hizo na kuandika insha juu ya hali ya wanawake wa kabila lake. Kijana huyo ndiye Mwalimu. Wasichana walinakili habari hiyo haraka. Wavulana walisema haitatoka kwenye mtihani.

Siku niliyoiogopa ilikuwa ya saba. Sissy anaulizwa na mwalimu wake: katika mji wa watu milioni, wanaokufa njaa barabarani kwa mwaka ni ishirini na watano tu, unasemaje juu ya uwiano huo? Yeye anaona kwamba kwa hao ishirini na watano uchungu ni ule ule, hata hao wengine wangekuwa milioni ya mamilioni. Mwalimu anasema amekosea. Nikauliza darasa: kakosea?

Kimya. Halafu mvulana wa dunguni, bila kusimama, akasema: "Sisi kwetu kuna kifuta machozi."

Nilikuwa sijui. Wakanieleza kwa zamu, kama watu wanaomwelekeza mgeni njia. Mnyama akila shamba, serikali hutoa kifuta jasho. Akiua mtu, hutoa kifuta machozi. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka shilingi milioni moja kwa aliyeuawa. Hakiitwi fidia, nikasahihishwa, kwa sababu mtu hana fidia. Ni kitambaa tu cha kufutia.

"Kwenye kitabu watu ni milioni na waliokufa ishirini na watano," mvulana alisema. "Kwetu shilingi ni milioni na aliyekufa mmoja. Hesabu ni ile ile, Madam."

Nilidhani tumefika. Lakini yule msichana wa kukosa usingizi aligeuka nyuma akamtazama. Alisema mjomba wake alipouawa walikuja watu na fomu. Waliandika jina lake, umri, mahali, saa. Mama yake aliitunza nakala ndani ya sanduku la kanga. "Wasingekuja kuhesabu," alisema, "nani angejua kama alikuwepo?"

Mjomba kwao si mtu wa pembeni. Huko ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ni nguzo. Nilifunga kitabu kabla ya kengele.

Usiku ule nilimkumbuka mzee wa Matombo. Maofisa wale wa matuta hawakudanganya, mvua kweli ilikuwa inachukua udongo wa Uluguru. Walikuwa na kamba, vijiti na nia yao ya manufaa ya wengi. Kilichokosekana ni mtu wa kumuuliza mama yake yule mzee udongo mwekundu unaota nini. Kumbe fomu ya mjomba na kamba ya matuta zote ni hesabu, na mimi nilikuwa nimezitia kwenye kapu moja toka nilipotoka Tanga.

Wiki ya pili ilikwenda kasi. Tulifika mwisho, ambapo Gradgrind anamsihi Bitzer amhurumie mwanawe, anamuuliza kama ana moyo, na Bitzer anamjibu kwa somo la mzunguko wa damu. Walicheka hadi wakagonga madawati. Wengine waliomsifu Gradgrind mwanzoni sasa walimwonea huruma, jambo ambalo pia sikulitegemea.

Siku ya mwisho niliwaambia kwamba Dickens aligawa riwaya yake sehemu tatu na kuzipa majina ya shambani: kupanda, kuvuna, kuweka ghalani. Nilidhani watafurahi, ni watoto wa wakulima. Wakatazamana.

"Na palizi?" akauliza mmoja.

"Na kuamia ndege?"

"Madam, huyu kapanda halafu kavuna. Katikati hapo nani alilinda?"

Niliwaambia waandike barua kwa mwandishi. Zilikuwa kali. Mmoja alimshauri aongeze sehemu nzima ya dunguni na Sissy ndiye akeshe huko, kwa sababu Bitzer angelala.

Jioni ile baba wa mvulana alinialika nikaone. Dungu ni jukwaa la miti lenye paa la nyasi, juu kama dirisha la ghorofa ya kwanza, na ngazi yake inataka miguu isiyo na aibu. Nilipanda nikiwa nimeshika sketi na woga. Chini kulikuwa na mpunga wa mwisho ambao haujavunwa, moto mdogo, na madebe matupu. Mvulana aliniachia tochi yake na kurasa zangu nilizorudufu. Alikuwa amezikunja katika daftari la fizikia. Mbali, upande wa mto, matawi yalivunjika: ta, ta, kimya, ta. Baba akaanza kupiga debe, shamba la pili wakaitikia, la tatu likadaka, mpaka bonde zima likawa ngoma. Meno yangu yaligongana nayo yakafuata mdundo. Tembo hatukuwaona. Mvulana alisema wamepita kwa jirani, akasikitika kidogo, akarudi kwenye kitabu.

Kurudi nilipanda treni ya TAZARA kuelekea Dar es Salaam, reli ambayo Wachina waliijenga pamoja nasi na Wazambia katika miaka ya sabini. Asubuhi ilikuwa ya baridi. Nilikaa dirishani, na mfuko wangu ulikuwa mwepesi kwani karatasi zote nilikuwa nimeziacha. Twiga walipita, kisha swala wengi, na abiria hata hawakuacha kumenya mayai yao.

Halafu tembo. Alikuwa mmoja, karibu kabisa na reli, na majani mdomoni. Niliutoa uso dirishani nikakitazama kichwa. Treni nzima ilipita mbele yake, mabehewa yote, kwa kelele zake zote za chuma, na kichwa kile hakikutikisika.